Safari ya Nairobi ya Kupimwa Afya



Safari tunayoisimulia leo si ya ziara wala si ya kutafuta elimu. Ni safari ya siku 6 ambayo nyumba nyingi za pwani yetu zimepata kuifunga, au zitakuja kuifunga: kwenda Nairobi kupimwa afya kwa ajili ya viza ya kuhamia nchi ya mbali. Mume ametangulia Marekani, amefanya kazi miaka kadhaa, amewaombea mkewe na wanawe, makaratasi yamekubaliwa, na sasa imebakia hatua hii kabla ya mahojiano ya ubalozini. Akina mama wengi huiogopa kuliko mahojiano yenyewe. Tumeulizwa habari zake mara nyingi baada ya darasa, na maswali huwa ni yale yale. Je, nitavuliwa nguo? Nitaguswa na mwanamume? Na wakiniona na ugonjwa, itakuwaje?

Tumeona bora tujibu kwa kueleza tuliyoyaona wenyewe, kwani tulifuatana na dada yetu wa tumbo moja na watoto wake watatu, sisi tukiwa mahramu wake. Yeye mwenyewe ameturuhusu tuyaandike haya, pamoja na yale ambayo alikuwa na haki ya kututaka tuyafiche.

Tulitoka Mji wa Kale siku ya Jumatatu, mwezi wa Julai, baada ya sala ya Alfajiri, tukaelekea Miritini kupanda treni ya asubuhi. Dada yetu alikuwa na mvulana wa miaka 16, msichana wa miaka 10 na kitindamimba wa miaka 4 ambaye hajawahi kumwona baba yake ila katika simu. Wenye kuijua stesheni ile wanajua kwamba kabla ya kuingia, mizigo hupangwa chini kwa mstari mmoja, wenyewe husimama kando, na mbwa wa polisi hupitishwa kuinusa. Begi la dada yetu lilikuwa na msala juu yake. Tulimwona amelikodolea macho kwa wasiwasi, tukadhani anaogopa najisi. Tukamwambia kwamba lau mbwa angeligusa kwa umaji wa pua yake, pangelioshwa mara saba, moja kwa mchanga, kama tulivyofundishwa katika madhehebu yetu ya Shafi, na safari ingeendelea. Hakutujibu. Mbwa alipita asiliguse, naye akalitwaa begi lake akalipakata kama mtoto. Baadaye tulikuja kufahamu kwamba hofu yake haikuwa ya msala. Chini kabisa ya begi lile alikuwa ameweka karatasi ambayo hata sisi tulidhani ilikwisha kutupwa.

Treni iliondoka saa mbili asubuhi. Ukipita Mariakani minazi hupungua, kisha huisha, na badala yake huja vichaka vya miba na ardhi kavu. Baada ya Voi reli hupita ndani ya mbuga ya Tsavo, juu ya tuta refu lenye mapito chini yake ili wanyama wapate kuvuka. Watoto waligandamana dirishani kutafuta ndovu, na walipowaona, wamejipaka udongo mwekundu wa nchi ile hata wakafanana nao, yule mdogo alipiga kelele hadi abiria wa mabehewa mengine wakacheka.

Tuliitumia saa ile kupanga makaratasi, na hapa tunawanasihi wasomaji: fanyeni kazi hii nyumbani, wala msiifanye garini. Kila mtu awe na pasipoti yake, barua ya miadi, na picha ndogo kama zilivyoagizwa. Mwenye kuvaa miwani asiisahau. Mwenye kutumia dawa azichukue zikiwa katika vifurushi vyake vyenye majina. Kila mtoto awe na kijitabu chake cha kliniki chenye orodha ya chanjo, kile ambacho wengi wetu hukitupa mtoto akianza shule. Na mwisho, barua ile ilisema, mtu achukue karatasi za hospitali za ugonjwa wowote mkubwa uliompata zamani. Tulilisoma sharti hilo kwa sauti. Dada yetu aliinua uso akatazama nje, na hakusema neno hadi Mtito Andei.

Tulishuka Syokimau mchana, tukasali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya na kupunguza, kisha tukaenda South C kwa binamu yetu. Nairobi iko juu ya mlima kwa kadiri ya mita 1,700, na Julai yake si mchezo kwa mtu wa Mombasa. Watoto walivaa sweta juu ya sweta na bado meno yakagongana.

Usiku, watoto walipolala, dada yetu alitujia sebuleni na begi lake. Akatoa bahasha ya kaki, na ndani yake kadi ya manjano iliyochakaa pembeni.

"Kaka," akasema, "unaikumbuka hii?"

Tuliikumbuka. Miaka 18 iliyopita, akiwa msichana wa miaka 19, dada yetu aliugua kifua kikuu. Alitibiwa katika zahanati ya serikali, akameza dawa miezi kadhaa bila kukosa hata siku moja, na akapona. Lakini mama yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliona haya ya majirani. Akawaambia watu kwamba bintiye amekwenda Malindi kubadili hewa. Na mwaka uliofuata, wachumba walipokuja na mwanamke mmoja wa upande wao akauliza kama binti aliwahi kuugua kifua, mama alijibu kwamba ilikuwa homa ya mapafu tu. Sisi tulikuwa tumeketi pale pale, na kanzu yetu na kofia yetu, na tulinyamaza. Harusi ikafungwa. Mume hakupata kuambiwa.

"Watu wananishauri nisiseme," aliendelea. "Wananiambia ukisema umewahi kuwa na kifua kikuu, umejifungia mlango wewe na wanao. Sema hujawahi kuugua kitu. Kaka, wewe ni mtu wa dini. Nifanyeje?"

Hatukumjibu mara moja. Si rahisi kumwamuru mtu aseme kweli katika jambo ambalo wewe mwenyewe ulilinyamazia. Tulianza kwa kumwomba radhi. Tukamwambia kwamba siku ile ya posa tulikuwa na wajibu wa kusema, hatukusema, na mzigo ule amekuwa akiubeba peke yake miaka yote hii. Kisha tukamweleza tofauti ambayo tulipaswa kuieleza nyumbani kwetu tangu zamani. Dini yetu imesifu kusitiri. Ugonjwa uliopona ni siri ya mwenyewe, hana wajibu wa kuutangaza sokoni. Lakini kusitiri ni kutoeneza. Kukana unapoulizwa na mwenye haki ya kuuliza si sitara tena, huo ni uongo, na katika mkataba unaitwa ghishi. Tena katika sheria ya Marekani, kifua kikuu humchelewesha mtu hadi atibiwe, lakini mwenye kusema uongo kwa makusudi katika jambo la viza huweza kuzuiwa maisha yake yote. Ugonjwa una dawa. Uongo ule hauna.

"Na baba watoto?" akauliza.

Tukamwambia ampigie simu. Huko kwa mumewe ilikuwa bado mchana. Tuliondoka sebuleni tukamwachia faragha yake, na asubuhi alitusimulia. Mumewe alinyamaza kitambo kirefu. Kisha akasema, "Ulidhani mimi nitafanya nini?" Akanyamaza tena. Halafu akauliza kama sasa yu mzima, na kama pesa walizo nazo zitatosha ikiwa watakaa Nairobi siku zaidi. Dada yetu alisema kwamba neno la kwanza lilimchoma, kwa sababu alikuwa hajui la kulijibu.

Jumanne asubuhi tulikwenda kituoni. Hatutakitaja, wala hakuna haja, kwani kila ubalozi una orodha yake ya madaktari walioteuliwa, na cheti cha daktari mwingine yeyote, hata awe bingwa wa namna gani, hakikubaliwi. Ada hulipwa na mwombaji mwenyewe. Kwa hivyo jihadharini na dalali anayewasimamisha njiani na kudai ana mtu wake ndani. Miadi huchukuliwa kwa njia iliyoandikwa katika barua, na risiti hutolewa hapo hapo.

Ukumbi ulikuwa umejaa familia: Wasomali, Wakongo, Wahabeshi, Wasudani, na watu wa Nairobi wenyewe. Wengine walikuwa wamengoja zamu hii kwa miaka. Mama mmoja wa Kikongo alipomsikia dada yetu akisema na wanawe Kiswahili, alisogea akaketi karibu naye, na ijapokuwa Kiswahili chake ni cha kwao na chetu ni cha kwetu, walielewana vizuri na wakabadilishana mikate ya watoto.

Mapokezi hukagua pasipoti na kupiga picha ili kuhakikisha anayepimwa ndiye anayesafiri. Dada yetu huvaa niqabu. Aliomba aifunue mbele ya mwanamke, akapelekwa chumba cha pembeni, akapigwa picha na karani mwanamke, mambo yakaisha. Papo hapo mapokezi aliomba pia apimwe na daktari mwanamke. Tunawasisitizia hili akina mama: liombeni tangu mwanzo, kwa upole, na muwe tayari kungoja. Mkingoja kuliomba mlangoni mwa daktari, zamu imekwisha kupangwa. Dada yetu aliongezewa kungoja saa moja, nayo haikuwa bei kubwa.

Kilichofuata kilikuwa damu. Kwa watoto wa miaka 2 hadi 14 wanaotoka nchi zetu, ambako kifua kikuu ni kingi, damu hupimwa kuona kama vijidudu vya ugonjwa huo vimewahi kuingia mwilini. Mzazi asihofu kwamba lile kovu la chanjo ya BCG mkononi mwa mtoto litampotosha daktari, kwani kipimo hiki cha damu hakichanganyikiwi na chanjo ile. Yule binti wa miaka 10 alinyoosha mkono akafumba macho. Kitindamimba alilia hadi akasikika barabarani, na mjomba wake akalazimika kumshika miguu.

Dada yetu naye alitolewa damu, na alipoambiwa kwamba hupimwa kaswende, uso ulimbadilika. "Kwani wananishuku nini?" akatuuliza kwa kunong'ona. Tunaliandika hili kwa sababu wanawake wengi watiifu huumizwa nalo. Hakuna anayeshukiwa. Kipimo hiki ni sharti kwa watu wazima wa rika lake, awe mke wa sheikh au mwingine yeyote, na majibu yake hayabandikwi ukutani. Ama virusi vya ukimwi, Marekani iliviondoa katika orodha ya magonjwa yanayomzuia mtu kuingia tangu Januari 2010, na kipimo chake si sehemu ya lazima ya uchunguzi huu.

Picha ya kifua, yaani eksirei, hupigwa kwa kila mwenye miaka 15 na kuendelea, kwa hivyo mvulana alipigwa pamoja na mama yake. Hapa ndipo lilipo jibu la swali la nguo. Mwanamke huingia chumba kidogo peke yake, akavua nguo za juu, sidiria yenye vyuma, mkufu na pini za mtandio, akavaa joho la hospitali linalofunika mwili. Nywele zilizosukwa ndefu hufungwa juu ya kichwa ili zisitie kivuli katika picha. Aliyeendesha mashine kwa dada yetu alikuwa mwanamke. Alimwambia avute pumzi, aishike, aiachie, na ikawa imekwisha kabla hajamaliza kusoma Ayatul Kursiy.

Mwenye mimba aseme kabla ya kuingia chumba kile, hata kama hana yakini. Anaweza kufunikwa tumbo kwa kinga ya risasi kisha akapigwa picha kwa ridhaa yake, au akaahirisha hadi ajifungue. Asiache mtu amharakishe katika uamuzi huo.

Kisha ikaja zamu ya daktari. Sisi tuliketi nyuma ya pazia, mtoto mdogo amelala mapajani mwetu. Daktari alimpima dada yetu macho, masikio, koo, shingo kutafuta matezi, moyo, mapafu, tumbo na ngozi, sehemu moja baada ya nyingine, akifunua anapopima na kufunika alipokwisha kupima. Wanazuoni wetu wamepanga jambo hili vizuri: mwanamke atibiwe na mwanamke Muislamu. Asipopatikana, basi mwanamke asiyekuwa Muislamu, na akikosekana kabisa, mwanamume mwaminifu, pasiwe na faragha ya wawili, awepo mahramu au mwanamke wa kuaminika, na pasifunuliwe zaidi ya kinachohitajika. Daktari akitaka kupima mahali ambapo huelewi sababu yake, muulize. Si utovu wa adabu, na daktari mwema hukueleza.

Mvulana aliingia kwa daktari mwingine peke yake, na akaulizwa juu ya sigara, pombe na dawa za kulevya. Wazazi, waandaeni vijana wenu kwa maswali haya kwa kuwauliza nyinyi kwanza. Miraa na muguka, ambazo kwetu huuzwa kando ya njia kama njugu, zina kemikali ya kathinoni ambayo Marekani ni katika dawa zilizopigwa marufuku.

Kutoka nyuma ya pazia tulimsikia daktari akiuliza, "Mama, umewahi kuugua kifua kikuu, au kuishi na mtu mwenye kifua kikuu?"

Pakawa na kimya. Tulishika tasbihi yetu bila kuisogeza.

"Naam," dada yetu akasema. "Mimi mwenyewe. Nilitibiwa nikapona. Kadi yangu hii hapa."

Tulisikia karatasi ikifunuliwa. Daktari aliisoma, akauliza mwaka, akauliza kama alikosa dawa siku yoyote. Kisha akasema maneno ambayo tunataka kila msomaji wetu ayasikie: picha ya kifua ilikuwa imeonyesha kovu katika pafu la kulia, na angelimuuliza tu. Watu wengi wenye kovu kama lile hukataa kwamba waliwahi kuugua, na hapo daktari hubaki bila historia ya kumwongoza. Kadi ile ilimsaidia kuelewa anachokitazama.

Kadi haikumwondolea sharti, lakini. Mwenye picha ya namna ile hutakiwa kutoa makohozi asubuhi tatu mfululizo za siku za kazi, ili yatazamwe kwa darubini na yaoteshwe maabara. Kuotesha huko huchukua wiki 6 hadi 8, kwa sababu vijidudu vya kifua kikuu hukua polepole sana. Yakionyesha ugonjwa, mtu hutibiwa kwa uangalizi, kwa kawaida miezi 6, kisha hupimwa tena na safari yake huendelea. Yasipoonyesha, huandikwa kwamba kovu ni la zamani.

Kabla ya kuondoka, wote wanne walipigwa chanjo zilizopungua. Chanjo za kliniki zetu, kama za polio, surua, dondakoo, kifaduro na pepopunda, zilihesabiwa kwa walio na vijitabu. Lakini Marekani hutaka pia chanjo zisizomo katika ratiba ya kliniki zetu za umma, kama ile ya tetekuwanga na ya matubwitubwi, kwa hivyo hata mtoto aliyechanjwa barabara hatoki bila sindano. Mvulana, ambaye kijitabu chake kilipotea zamani katika kuhama nyumba, alipigwa nyingi kuliko wenziwe, na usiku ule alilala mikono yote miwili ikimuuma.

Basi tukakaa. Jumatano, Alhamisi na Ijumaa tuliamka mapema tukamsindikiza dada yetu kituoni kabla hajanywa hata chai. Makohozi hutolewa mahali penye hewa, mbali na watu, mhudumu akiwa karibu. Mate hayafai, hutakiwa kitu kitokacho ndani ya kifua, na kwa mtu mzima asiyekohoa ni kazi ngumu. Siku ya kwanza alitoka akilia, akasema amejiona tena msichana wa zahanati ile, anayejificha kwa buibui la mama yake asije akatambuliwa. Siku ya pili hakulia. Siku ya tatu alimfundisha msichana mmoja wa Kisomali, ambaye pia alipatikana na kivuli katika picha, namna ya kuvuta pumzi ndefu kabla ya kukohoa. Kuhusu sala, tulipojua kwamba tutakaa siku zote hizo tuliona lililo salama ni kuacha kupunguza, tukawa tunasali rakaa kamili.

Ijumaa tulisali katika Msikiti wa Jamia, katikati ya jiji, chini ya makuba yake matatu. Tulimshukuru Mwenyezi Mungu kwa jambo moja kuliko mengine: kwamba alimpa dada yetu ulimi wa kweli siku ambayo sisi, miaka 18 nyuma, tuliuzuia wetu. Mtume wetu (S.A.W.) alifundisha kwamba palipozuka tauni watu wasiingie, na waliomo wasitoke kwa kuikimbia. Basi nchi kumuuliza mgeni habari za kifua chake kabla hajapanda ndege iliyojaa watoto wa watu si dhuluma wala si kejeli. Ni haki ya jirani.

Jumamosi tulirejea Mombasa, na kungoja kukaanza. Wiki 8 za kungoja ni ndefu kuliko safari yoyote. Dada yetu alishtuka kila simu ilipolia. Majibu yalipokuja, hapakuota kitu. Watoto walikuwa salama wote. Ila kwa sababu ya lile kovu, cheti chake kilipewa miezi 3 tu ya kutumika badala ya 6 ambayo wengi hupewa, na kwa hivyo ilibidi mahojiano na tikiti vipangwe kwa haraka. Msinunue tikiti wala kuuza vyombo vya nyumba kabla majibu hayajatoka na viza haijapigwa mhuri. Daktari hupima tu. Anayeamua ni ofisa wa ubalozi.

Jambo la mwisho tunalotaka kuwaambia wazazi, na mama zetu hasa. Katika kila mtaa wa pwani hii kuna binti aliyepelekwa "kubadili hewa". Tukiendelea kumfundisha kwamba ugonjwa wake ni fedheha, tutakuwa tumemfundisha kuuchukua kimya kimya hadi mbele ya daktari, mbele ya mume, na mbele ya wanawe. Ziwekeni kadi za hospitali za watoto wenu pamoja na vyeti vyao vya kuzaliwa. Mwezi wa Desemba, uwanja wa ndege wa Mombasa, tulimwona dada yetu akifungua mkoba kumwonyesha ofisa pasipoti nne. Kadi ya manjano ilikuwa juu yake, pamoja nazo.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awakutanishe waliotengana, amrehemu mama yetu, na atusamehe tulipoficha yasiyofichwa. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum.